Kilichoingia

Floti ya Jumanne haikukaa sawa.
Elfu arobaini na moja na mia tano:
nikahesabu kwa kalamu, nikahesabu kwa kidole,
nikahesabu tena baada ya magharibi, mwavuli umekunjwa,
Kimanga yote inanukia mihogo ya kukaanga.
Pungufu ni lile lile.

Nikamdhania Sikudhani.
Ana miaka kumi na tisa, anaijua namba yangu ya siri,
na wiki ile alikuwa amesuka upya.
Sikumtukana. Nilimwambia tu, pumzika kidogo nyumbani.
Alikunja khanga yake ya kukalia,
akaniwekea ufunguo mezani
taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Changu kilikuwa kwenye chaji,
nyuma ya kochi, mikononi mwa mtoto wa darasa la nne.
Nilisoma meseji moja baada ya nyingine:
elfu moja. Elfu moja. Elfu mbili na mia tano.
Saa tisa na dakika nne, elfu moja.
Saa tisa na dakika tano, elfu moja.
Asante kwa kununua. Asante kwa kununua.
Hakuna aliyewahi kumshukuru mwanangu mara nyingi hivyo.

"Umenunua nini, Nasibu?"
"Sanduku."
"Ndani mna nini?"
"Haijulikani, mama. Ndiyo maana unafungua."

Akanionyesha.
Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka, lakini nilitaka kuona.
Sanduku linatetemeka, linavuja mwanga,
picha zinazunguka, zinapunguza mwendo,
joka la dhahabu linakuja, linakuja,
linapitiliza kwa unywele mmoja,
na kinachobaki ni kofia ya kijani. Ya tisa.
"Umeona? Lilikaribia."

Neno hilo nalijua.
Kibwana fundi viatu hulisema kila jioni
akitoka kwenye dubwi nyuma ya duka la vinywaji,
ngumi imefumbwa kana kwamba bado ina sarafu.
Lakini dubwi lile lina mlango,
na mlangoni pana karatasi: chini ya miaka kumi na minane, marufuku.
Hili la mwanangu halina mlango.
Lina katuni, lina vigelegele,
na akitoka shule linamwita kwa jina.

Nilikwenda mjini, ofisi ya ghorofa ya tatu,
meseji zangu nimezichapisha, mia mbili kila ukurasa.
Kijana mwenye tai alizisoma kwa heshima.
"Mama, mchezo wa kubahatisha ni ule unaotoa pesa.
Huu hautoi pesa. Unatoa kofia."
"Sawa, baba. Kilichotoka ni kofia.
Kilichoingia kilikuwa nini?"

Alitazama feni.
Feni ilizunguka.
Kisha akafungua kalamu, akaniomba nirudie polepole.

Nikarudia, nikaongeza ya kwangu.
Laini moja tu nikimsajilia mtu mzima
nadai kitambulisho, nadai alama ya kidole.
Na hao wanadai kidole pia, wanadai kibonyeze.
Muuza karanga wa Buguruni akifunga koni kumi,
tisa akazijaza mchanga,
mngemwita mchezeshaji?
Basi waandike juu ya sanduku, kwa herufi anazosoma mtoto,
katika mia, joka hutoka mara ngapi.
Na wamuulize mwenye simu, kabla, si baada.
Aliandika yote. Sijui karatasi ile inalala wapi.

Jumatano nikashuka Vingunguti na ufunguo kiganjani.
Sikudhani alikuwa anaanua nguo.
Nilieleza, nikaeleza tena, maneno yakanipungukia
kuliko ile floti.
Hakuupokea. Alisema atanijibu Ijumaa.

Leo ni Ijumaa.
Nimefungua mwavuli mwenyewe,
Nasibu kanisaidia kubeba meza, kimya,
na kiti cha pili nimekiweka upande wenye kivuli.