Pindo la Mji

Miaka ishirini na tisa nashona pale Kibuye,
uso ukutani, ziwa nimelipa kisogo.
Nalijua kwa harufu tu, na kwa mgongo wazi,
ule mfupa wa mbuta tunaoachiwa
mnofu ukishapanda ndege.

Jumanne mkanda wa cherehani ulikatika.
Muuza mikanda kaenda matangani Ugenya,
harudi hadi Alhamisi.
Nikashuka bandarini, nikanunua tiketi.

Feri yenyewe si ya kutisha:
viti kumi na vinane, turubai la buluu,
injini inayokohoa kabla ya kusema.
Apondi, mkata tiketi, akanivisha jaketi la kuelea.
Ukanda wa ubavuni ulishikwa na nyuzi mbili, labda tatu.
"Huu utafumuka," nikamwambia.
"Mama, si leo."

Tukaanza kuupiga bandi ufuko,
sindano ikizama hapa, ikiibuka pale:
gati la zamani, ambako reli inashuka hadi majini
na kukoma, kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje;
kituo cha waosha magari, povu hadi magotini,
lori la miwa likisuguliwa mashavu;
kisha Kiboko, ambako hakushuka mtu
ila bwana mmoja mwenye kuku.

Kote huko mji ulinionyesha upande wa ndani,
ule wa nyuzi zinazoning'inia:
kamba za nguo, mapipa, milango ya jikoni,
mtu akipiga mswaki akidhani haonekani.
Na ukutani kwa kila banda, alama ya maji,
mstari wa kahawia usawa wa kifua changu,
tangu mwaka ule ziwa lilipojiongezea urefu
bila kuuliza nani kalala wapi.

Kabla ya Dunga, gugumaji.
Zulia zima, lenye maua ya zambarau
mazuri kwa namna ya kuudhi.
Injini ikameza mzizi, ikanyamaza.
Uzi umekwama chini ya bobini, nikasema moyoni.
Ogweno akavua shati, akachukua panga, akainama nyuma.
"Dakika tano," akasema,
na sote tukajua ni arobaini.

Ndipo nikaliona pindo.
Nililijua kabla ya uso wa mvulana:
suruali ya kijivu, mshono wangu wa Januari ya mwaka juzi,
vidole vinne vya kitambaa nilivyovikunja ndani
kwa ajili ya mifupa ambayo haijafika.
Mifupa ilikuwa imefika.
Vifundo vilikuwa nje, vimepauka, vina aibu.
"Wewe wa nani?"
"Wa Mama Atego. Nimerudishwa karo. Naenda kwa nyanya."
"Leta mguu."

Sindano hukaa kwenye kola yangu, wembe kwenye leso.
Nikafumua polepole, feri ikiyumba,
abiria wakijifanya kutazama yangeyange.
Kitambaa kikashuka, na pale palipokunjwa
rangi ilikuwa bado mpya, nzito,
utepe wa kijivu ambao jua halijauona.
Akautazama kama mtu aliyepewa mguu mwingine.
Nikapiga pindo jipya, jembamba.
Sikumwambia kwamba ndani hakuna tena kilichobaki.

Dunga akaruka kabla kamba haijafungwa,
akapotea katikati ya mafunjo na wanawake wa omena.
Asante aliisahau kwenye benchi.

Nauli ya kurudi sikuwa nayo.
Apondi hakuuliza. Alinirundikia jaketi nne magotini:
"Basi shona."

Uzi wangu ulikuwa mweupe, kanda nyeusi.
Ukipanda siku moja, angalia ubavuni.