Uzi wa Sare

Kelele za kuku saa tisa za usiku
si ndugu na kelele zao za mchana.
Za mchana ni umbea: yai, funza, yai tena.
Hizi zilinitoa kitandani na kiatu kimoja.

Kanu alikuwa ameshapita alikoingilia,
chini ya bati, penye tundu la ukubwa wa ngumi
nililosema Jumamosi nitaliziba,
nikasema hivyo na Jumamosi iliyofuata.
Amerudi kwenye majabali ya Maragoli
na Kibutu mdomoni, aliyekuwa anaatamia.
Mayai bado yana joto.
Ukutani manyoya yamenata,
na chini ya kiota, watatu
walio hai kwa namna ya kubishaniwa.

Asava akashika tochi ya simu, mkono unamcheza.
"Usimmulike macho," nikamwambia. "Mulika kazi."
Mlangoni mama mkwe, Jendeka, leso begani:
"Chinja upesi. Akijifia huyo haliwi."
Alisema kweli. Na maji yalikuwa yanachemka.
Nikatumbukiza humo sindano.

Mimi ni fundi wa sare hapa Chavakali.
Nimetia viraka magoti ya shule tatu,
sijawahi kushona kitu kinachopumua.

Kidimu kwanza. Kidari kimeachia
kama mfuko wa shati la mtoto mgomvi.
Maji ya chumvi, vuguvugu, mara tatu.
Manyoya nikayapunguza kwa mkasi wa vifungo
hadi ngozi ikaonekana, nyembamba kuliko lasi,
ngozi isiyokuruhusu kufumua na kuanza upya.
Uzi niliokuwa nao ulikuwa buluu, wa masweta.
Mishono mitano, kila mmoja na fundo lake,
maana pindo la uzi mmoja likikatika mahali
linakwenda lote.
Wa nne ukapitiliza, ukaniingia kidoleni.
Tone langu, tone lake, gazeti moja.

Kisha dawa ya zambarau, nyingi, hata palipo pazima.
Kuku hawana ugonjwa wa huruma.
Wakiona chekundu wanadonoa,
dada kwa dada, mpaka mfupani.
Zambarau inatibu, ndiyo,
lakini kazi yake kubwa ni kuficha.
Hapo nikawakumbuka watu fulani.

Kishingo alikuwa na matundu mawili ya meno.
Hayo hayashonwi. Ukiyafunga, uchafu
unabaki ndani kama mgeni asiyeaga.
Nikayaosha, nikayaacha wazi,
nikamlaza gizani, kwenye katoni ya sabuni.

Wa tatu, mtetea mweupe asiye na jina,
tulimpekua bawa kwa bawa, hatukuona kitu.
Akakunja shingo, akatulia vizuri,
na pikipiki ya maziwa ilipopita
alikuwa baridi. Hofu tu.
Jendeka akaniangalia. Nikamwangalia.
Asava akachimba shimo migombani
bila kuulizwa na mtu.

Basi zikafuata siku za kijiko:
maji ya sukari, tone kando ya mdomo,
usimimine kooni, utamzamisha.
Cherehani huku, katoni kule,
na mteja anangoja akiziba pua.

Siku ya tisa nikaketi na Kidimu mapajani
nikate nyuzi. Akageuza kichwa,
jicho moja, kama karani wa soko,
akakiona kidole changu, kile, na kigaga chake chekundu,
akadonoa.
Kwa nguvu. Damu ikatoka.
Nikacheka hadi Jendeka akatoka jikoni na mwiko.

Nami nikajipaka zambarau.
Jioni mwalimu Vugutsa, aliyefuata suruali yake,
akakitazama kidole, akauliza
kama kuna uchaguzi ambao hakuambiwa.

Tundu nimeliziba kwa jiwe kwa sasa.
Saruji, Jumamosi.