Na

Ayikoru aliileta ndani ya mchele,
kilo nzima, imefungwa kwa kitambaa cha kanisani.
Nikamwambia: mchele ni wa kupika, mama.
Simu iliyolala siku tisa chini ya Enyau,
mfukoni mwa mwenyewe,
haiponi kwa chakula.

Mumewe hakujua kuandika.
Kila alichopima alikisema, akakirekodi:
deni la sabuni, siku ya chanjo ya ng'ombe,
na mwisho wa yote, magunia ya simsim aliyomwachia Ezati
ghalani, bila karatasi, bila shahidi.
Ezati anasema matatu.

Nikafungua. Bodi imeota kutu ya kijani,
betri imevimba kama tumbo la chura.
Kioo sikukigusa. Kioo ni uso tu,
hakuna uso unaokumbuka kitu.
Nilitaka kile kijiwe cheusi, upana wa ukucha.
Nikakipulizia moto, digrii mia tatu na arobaini,
pumzi nimeibana,
lehemu ikalegea, kikang'oka
kama jino la mtoto.

Umeme ukakatika. Arua yote giza.
Tukangoja. Alikuwa akitafuna mchele mbichi,
punje moja moja.

Saa tatu usiku kompyuta ikaanza kumimina:
sifuri, sifuri, sifuri,
kurasa kwa kurasa za sifuri,
kisha kipande cha faili, kisha kingine mbali sana,
nikaviunga kwa kubahatisha
kama anayeshona shati kwa vitambaa vya watu watatu.

Sauti ikatoka. Mvua juu ya bati. Kikohozi.
Ayikoru akashika ukingo wa meza.
Mtu anahesabu, taratibu, kwa Kilugbara:

alu,
iri,
na

Halafu kimya. Si kimya cha mtu anayepumzika.
Kimya cha sifuri.

"Na ni tatu," akasema. "Kumbe Ezati mkweli."
Akaanza kufunga mchele wake.

Mimi nililelewa kambini, kwa Kiswahili cha askari,
na kwetu neno hilo halijawahi kufunga sentensi.
Anayesema *na*, mdomo wake bado uko wazi.

Nikamwomba akae.
Nikakirudisha kijiwe kwenye kisomeo,
nikapunguza kasi hadi mwisho,
nikaanza upya
pale sifuri ya kwanza ilipomkatiza.