Kasoro: Hakuna

Saa mbili kasorobo, Valparaíso bado inapiga miayo,
na lori letu limeshaanza kunuka.
Si moshi wa ekzosi, huo tunaujua.
Ni nywele zilizoungua, ni samaki aliyesahauliwa kaangoni,
ni ukucha juu ya kaa la moto,
yote hayo, na hata moja silo.
"Klachi," asema Nibaldo,
kama mtu anayemtaja shemeji
aliyekuja kwa siku tatu na sasa ametimiza mwaka.

Mitungi arobaini na minane nyuma,
gesi kilo kumi na tano kila mmoja, chuma hakijahesabiwa,
na mbele Kilima cha Vipepeo, wima kama ukuta.
Kipepeo hata mmoja sijamwona.
Kila nyumba kumi tunasimama.
Nagonga mtungi kwa spana, ka-ka-kang,
madirisha yanafunguka, nainamisha bega, nabeba,
na Nibaldo anashikilia lori kwa nusu ya wayo,
klachi si juu si chini,
maana breki ya mkono ilikufa mwezi Machi.
Hapo ndipo inapopanda, kupitia tundu la gia,
na kutuingia kooni bila hodi.

Nilimweleza Oyarzún, msimamizi wetu.
Alikuwa anapuliza kahawa.
"Harufu haiui mtu. Fungua dirisha."
Dirisha langu lina bisibisi mahali pa kishikio;
nimeliacha wazi tangu majira ya baridi,
mvua imeingia, baridi imeingia,
harufu haijatoka.

Nibaldo alikwenda zahanati kuonyesha kifua.
Daktari, msichana tu, akamuuliza: unavuta sigara?
"Hapana, binti. Navuta klachi. Pakiti moja kila mlima."
Daktari hakucheka. Akaandika kitu.
Karatasi mzee ameikunja mara nne,
ameichomeka nyuma ya picha ya mjukuu, juu ya usukani,
nami sijathubutu.

Nina miaka ishirini na sita.
Nikipenga kamasi jioni, leso inakuwa nyeusi.
Mama hulianika jaketi langu peke yake,
mbali na nguo za wenzake, kama lina ukoma.
Wanasema klachi za zamani zilikuwa na asbesto.
Hii yetu ni ya zamani kiasi gani?
Fundi anatazama dari.
"Ya mtumba, Yasna. Haina cheti cha kuzaliwa."

Lakini sikia ya Alhamisi.
Kwa Bibi Eduvigis, ngazi mia na kumi na mbili,
nimefunga mtungi, nimepokea noti, nimegeuka.
"Mwanangu, husikii harufu?"

Sikusikia.

Gesi haina harufu yake. Kiwandani huitia uvundo makusudi,
ili pua iwahi kabla ya kiberiti.
Yeye, miaka themanini na moja, alisikia kutoka kitini.
Mimi nilikuwa nimepiga magoti, uso juu ya vali,
na nilichosikia ni klachi.
Klachi, katika jiko lenye chungu cha maharage,
na lori liko chini kule, limezimwa.

Nilikaza. Mapovu ya sabuni yakanyamaza.
Mikono ikanitetemeka hadi mchana.

Leo nimechukua daftari la gari.
Kwenye safu ya kasoro, mwaka mzima,
Nibaldo ameandika: hakuna, hakuna, hakuna.
Chini yake, kwa kalamu inayovuja, nimeandika:
pua yangu.
Oyarzún atauliza hiyo ni spea gani.