Herufi Thelathini na Moja

Tukuyu, mvua haijui Jumapili.
Niliiambia kompyuta ya ushirika:
jumlisha maziwa kwa maelezo ya mfugaji.
Ikasoma herufi thelathini na moja, ikachoka,
ikawafunga Subilaga na Ambakisye kitita kimoja,
lita tisa.

Wote wawili waliandika
Ng'ombe amepunguza maziwa tangu

na hapo ndipo ilipokata.

Ambakisye: tangu nibadilishe pumba.
Subilaga: tangu afe aliyekuwa akimkamua
anageuza shingo kila mlango ukilia
nami sina sauti ya marehemu

Sasa nakusanya kwa namba tu, tarakimu nne.
Hesabu ikikaa, narudi na namba ileile
kuyachukua maneno mazima,
hata ya Subilaga,
ambaye hajui kuweka nukta.