Chuma Cheusi

Nje ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
Winnipeg yote imeganda, hata mto una njia ya miguu,
nami, Orest Hnatiuk, mchomeleaji mstaafu wa mabehewa,
nimevuliwa shati katika chumba cha nyuzi arobaini
ninanyonga baiskeli isiyokwenda popote.
Dola sitini. Na mkate wa jibini.

"Basi," anasema Marivic kwenye spika.
"Keti. Usifanye kitu."
Huku kutofanya kitu ndiko wanakokupima.

Jasho lililonitiririka mgongoni likakata
kama bomba lililofungwa na mtu mwenye haraka.
Mikono ikaacha wekundu wake.
Nikasema, nimepoa.
Nyuma ya kioo binti akatikisa kichwa:
waya mwembamba ulioingia puani mwangu
ulisoma thelathini na nane nukta sita.
Dakika ya ishirini, nukta tano.
Dakika ya arobaini, nukta tano.

Mwaka wangu wa kwanza karakanani
niliokota kipande cha chuma, cheusi, kitulivu.
Kovu hili hapa.
Mzee Pruden hakunipa pole. Alisema:
chekundu kinakuonya,
cheusi kinakungoja.

Miaka tisa nina presha, na hainiumi popote.
Vidonge viwili asubuhi,
kimoja usiku, nikikikumbuka.
"Mishipa iliyozoea kubana," anaeleza Marivic,
"ni mizito kufunguka.
Damu ilipaswa kuupandisha moto kwenye ngozi, iutupe.
Ukiacha kunyonga, inatuama miguuni,
presha inaporomoka, mwili unashtuka,
unafunga milango, na mgeni angali ndani."
Kwa kila mtu?
"Kwa kila mtu. Kwenu nyinyi tunashuku zaidi.
Ndiyo maana umekaa hapo."

Nikaukumbuka Julai:
nimemaliza kukata majani, nimepumzika kivulini,
nimekunywa maji kama mtu mwenye akili,
nikasimama,
na ukuta wa gereji ukalala chini pamoja nami.
Darka alidhani ninamchezea.

Leo alinisubiri garini, injini ikinguruma.
Nilitoka koti wazi, theluji ikiyeyuka kipajini.
"Funga koti, kichaa wewe!"
Weka mkono hapa, nikamwambia. Shingoni.
Akavua glovu, akaweka.
"Umepoa," akasema,
akaingiza gia.