Kona ya Baridi

Kwenye tambarare halina neno.
Mbale, Sironko, hadi Muyembe mshale umelala
kama askari wa benki baada ya chakula cha mchana.
Ni mlima unaomwamsha.
Kona ya kwanza anajinyoosha, ya pili anasimama,
ya tatu, karibu na Kaserem, amegonga wekundu
na mimi nimeegesha tena, boneti juu, mvuke usoni,
watoto wa pale wamekaa ukingoni wakinihesabia:
"Leo ya nne, mwalimu!"

Fundi wa kwanza alisema pampu. Nikanunua pampu.
Wa pili alisema feni, na mkanda wake,
na kwa kuwa tumeshafungua, oili.
Wa tatu alisikiliza injini, akavua kofia:
gasketi hiyo, mwalimu, uza tu.
Mshahara wa mihula miwili umeingia humo
na Carina bado inachemsha.

Basi nikaipeleka kwa Khainza, Namakwekwe,
nyuma ya kinu cha mpunga.
Hakugusa spana. Aliuliza:
Inachemsha ukisimama, au ukipanda?
Maji yanapungua, au yanabaki?
Alfajiri, ukiiwasha, moshi wake una rangi gani?
Nilijibu kama wale wanafunzi wangu wa dawati la nyuma.

Alifungua kifuniko injini ikiwa baridi, akaiwasha,
akainamia lile tundu muda mrefu
kama aliyedondosha kitu kisimani.
"Hakuna mapovu. Gasketi nzima.
Aliyekwambia uuze alitaka kununua."
Thamostati akaitumbukiza kwenye sufuria ya chai ya vijana wake
(walilalamika, si sana)
ikafunguka mle taratibu.
"Na hii haina kosa."

Kisha akafanya ambalo hakuna aliyelifanya.
Injini ilipopata moto aliizima,
akapitisha kiganja mbele ya rejeta,
juu, katikati, chini,
vile unavyompapasa mtoto usiku kutafuta homa.
"Lete mkono."
Juu, moto. Katikati, moto.
Chini, kona ya kushoto, bati lilikuwa baridi
kama sakafu ya kanisa.
"Maji hayafiki huku.
Nusu ya rejeta yako ilishakufa,
na nusu iliyobaki inatosha tambarare tu."

Waliifungua. Kwenye vijia vyake
alichokonoa kwa waya kitu cha kijivu, kigumu,
akakisaga kati ya vidole, akanusa, akacheka.
"Mwalimu, gari lako limekula posho."

Nilimpigia baba, maana gari lilikuwa lake.
"Baba, uliwahi kutia unga kwenye rejeta?"
Kimya. Nilisikia kuku wake.
"Unga wa nini?" Kisha: "Nani kakwambia?" Kisha:
"Mara moja."

Usiku wa kumtoa Satya hospitali.
Mdogo wake, kiti cha nyuma, ndani ya shuka,
magoti yamekunjwa ili mlango ufunge.
Kona ya tatu, rejeta ikaanza kuvuja.
Kwenye buti mlikuwa na unga wa matanga.
"Nilishasikia madereva wa malori wakisema unga unaziba.
Nikatia vikombe viwili. Maji nikakinga mtaroni.
Ningelala naye pale gizani, mwanangu?
Yeye hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nayo."
Halafu, kwa sauti ya kudai risiti:
"Si tulifika?"

Mlifika, baba.
Unga uliziba palipovuja, kisha ukaendelea kuziba.

Khainza alizibua kijia kimoja kimoja hadi taa zikawashwa,
akanitoza elfu themanini,
na vijana wake wakadai za chai.

Jana nilipanda. Kona ya kwanza, ya pili.
Mshale haukuinua hata kope.
Kona ya tatu watoto walishajipanga ukingoni,
na mimi, sijui kwa nini, nikaegesha.
Nikazima injini. Nikageuka kutazama kiti cha nyuma.
"Mwalimu," aliita mmoja, kama aliyeibiwa,
"leo moshi uko wapi?"